Mwaka Tuliponunua Ruta Mikumi

Bi Mwanaidi tulimzika Kilosa siku ya Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, na mimi mtani wake nilikaa kimya. Kwa mgeni hilo si jambo kubwa. Mzee wa watu amefika msibani na fimbo yake na miwani yake, mwacheni apumzike. Lakini mimi ni Mnyamwezi na marehemu alikuwa Msagara, na kwa watu wa kule msiba usio na mtani ni mboga isiyo na chumvi. Mtani ndiye anayeziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Ndiye anayejifunga khanga ya marehemu na kuigiza mwendo wake, ndiye anayewauliza wafiwa wanalia nini wakati aliyekufa ni mtumwa wake yeye, tena amekufa kabla ya kumaliza kumlimia. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka, na maziko yanaendelea. Vijana wawili wa ukoo walinijia wakaninong'oneza, mzee, maiti wako huyo, mbona umekaa? Nikawaambia magoti yananiuma. Magoti yangu hayakuwa na kosa lolote siku ile.

Tulipokuwa tumekaa chini ya turubai baada ya kutoka makaburini, Hamisi, mjukuu wa kaka yake marehemu, alivuta kiti akaja karibu yangu. Kijana huyu ana karakana ndogo ya useremala Morogoro, watu wanne na mashine mbili tatu, na siku hizi anatafuta mashine ya kuchonga nakshi inayoongozwa na kompyuta. Alinionyesha picha kwenye simu, moja nyeupe, moja ya bluu, nyingine ina taa kama za sherehe, akaniuliza ipi ya kuaminika. Nikamwambia asinunue rangi. Nikamwambia aende na mbao yake mwenyewe, tena ngumu, aiwashe mashine nusu saa nzima bila kuzima, kisha aizime, aishike shafti kwa mkono aitikise. Aulize spea zinapatikana wapi kabla hajauliza bei, na amtafute mtu aliyeinunua mwaka juzi, si wa wiki iliyopita. Aliandika yote. Alipomaliza akacheka kidogo, akasema babu yake alizoea kusimulia kwamba Maganga, yaani mimi, hajawahi kutoa neno la maana bila kulifunga ndani ya utani, na leo kumbe anaweza. Hakukusudia ubaya. Niliomba maji ya kunywa.

Mwaka ninaotaka kuuandika nilikuwa sijatimiza miaka thelathini. Kiwanda cha samani cha serikali nilichofanyia kazi Morogoro kilikuwa kimefungwa, na sisi tuliambiwa kwamba nchi inafungua milango. Ilifunguliwa kweli, na tuliokuwa ndani tukaonyeshwa pa kutokea. Nilirudi Kilosa na cheti, koti moja la buluu na ujuzi ambao sikujua nitaupeleka wapi, maana nilikuwa fundi wa mashine na Kilosa nzima maseremala walikuwa wakifanya kazi kwa randa ya mkono na patasi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, watu waliokuwa wakipanga foleni kwa kipande kimoja sasa walikuwa wakichagua harufu, na kila mwenye kiti cha mbele kwenye kibaraza cha kahawa alikuwa na habari za vyama vingi na za mtu fulani aliyekwenda Dubai akarudi na majokofu. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa na njaa.

Aliyenipokea ni Mzee Sefu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na reli, chumba kimoja kirefu cha matofali ya kuchoma chenye paa la bati lililotoboka upande wa magharibi, na ukuta mzima umeegemezwa mbao za mninga na mkongo zikikauka taratibu. Harufu ya chumba kile ninaijua mpaka leo: vumbi la mninga, gundi inayochemka kwenye kopo, na ikifika saa saba, wali wa Bi Mwanaidi. Dada yake huyu alikuwa mjane, anaishi nyumba ileile, na ndiye aliyetulisha mchana. Mchele ulitoka Chanzuru, kwenye shamba la mpunga alilokuwa akililima yeye, na mboga ilikuwa chochote kilichopatikana, kunde, mlenda, siku njema samaki wa kukaanga. Tulikula barazani, mikono ndani ya sinia moja, na utani ulikuwa kitoweo. Nikifika asubuhi nilimwamkia Mzee Sefu shikamoo kwa kichwa kuinama, akaitikia marahaba, na kabla sijainua kichwa ananiita mpagazi wangu, umefikisha mzigo? Nami namwambia mtumwa wangu amezeeka, bei yake sokoni imeshuka, itabidi nimgawe bure. Kwa mtu mwingine maneno yale yangekuwa matusi ya kupelekana kwa mjumbe. Kwetu yalikuwa salamu, na nisipoyasema siku moja aliniuliza kama naumwa.

Niseme hili mapema ili nieleweke. Utani haukuwa mchezo tu. Ulikuwa njia pekee ya mtu wa umri wangu kumwambia mzee wa umri wake kwamba amekosea. Mlango ukipinda, fundi mwingine kijana angenyamaza au angemtuma mtu mzima aseme. Mimi nilimwambia, Mzee, mlango huu umeutengeneza kwa macho ya Kisagara, jicho moja liko Kilosa jingine Msowero. Alicheka, akachukua pembe-mraba, akapima, akarekebisha. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda hivyo, na mimi nikaanza kujiona mwerevu.

Kazi iliyotuletea ruta ilitoka Mikumi. Kulikuwa na mwekezaji aliyekuwa akijenga hoteli ya watalii kando ya barabara kuu, na alitaka milango ishirini ya mninga, yote na nakshi moja, jani na ua, isitofautiane hata kwa unywele. Mzee Sefu alichonga mmoja wa mfano kwa mkono. Ulimchukua siku tisa, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu waliokuwa wakipita kwenda stesheni walisimama kuutazama. Mwenye hoteli aliusifu, akauliza wa pili utakuja lini, na akasema kwa upole kwamba Morogoro wapo watu wenye ruta. Ruta ile si hii ya siku hizi ya kushika mkononi. Ilikuwa mashine ya kusimama sakafuni, kichwa chake kinashuka kutoka juu na kisu kinachozunguka kwa kasi, na kwenye meza, chini ya kisu, kuna pini. Unachonga nakshi mara moja kwenye kipande cha ubao, unakifunga chini ya ubao mpya, pini inafuata njia ya kile kipande na kisu kinachonga vilevile kwa juu. Mlango wa ishirini unatoka sawa na wa kwanza. Mzee Sefu alirudi toka Mikumi siku hiyo akala kidogo, na kesho yake akaanza kuuliza habari za mashine.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona moja. Ilikuwa kwenye karakana ya shamba la mkonge lililokufa, upande wa Kimamba, chuma kizito cha kizamani, imefunikwa magunia, haina mota, kutu imepanda miguuni kama kichuguu. Niliishika shafti yake nikaitikisa, na haikutikisika hata kidogo. Waliokuwa wakilinda mali ile walikuwa tayari kuiuza. Nilimpeleka Mzee Sefu aione. Aliizunguka mara moja, akagusa kutu kwa kidole, akakipangusa kidole kwenye suruali yangu, akasema Wanyamwezi mmezoea vya mkoloni, babu zenu walikufa manamba, vibarua wa mkonge, wakizunguka vyuma kama hivi na ninyi mnavilia machozi. Tulicheka wote, na walinzi pia. Nilimjibu kwamba Msagara akiona kitu hakina rangi hudhani hakina roho. Ndivyo maoni yangu ya kitaalamu yalivyotolewa, na ndivyo yalivyopokewa.

Baada ya hapo ikaja habari kwamba Mikumi kuna bwana amefungua ghala la mashine kutoka ng'ambo, zimepitia bandarini Dar es Salaam, zimepakwa rangi, zina mota, zinawashwa unaona. Bei yake ilikuwa kubwa. Mzee Sefu alikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kuifikia, na kitu hicho hakikuwa chake peke yake. Shamba la Chanzuru lilikuwa la upande wa mama yao. Kwa ukoo ule ardhi hufuata tumbo la mama. Yeye kama mjomba alikuwa na kauli juu yake, lakini aliyelilima, na aliyetakiwa kukubali, ni dada mtu. Siku kadhaa niliwasikia wakiongea nyuma ya jiko kwa Kisagara, sauti za chini, yeye akieleza, dada akiuliza. Lugha yao niliisikia kidogo. Nililisikia jina la Chanzuru mara nyingi, na mara moja nikasikia jina langu.

Kesho yake Bi Mwanaidi alileta sinia yeye mwenyewe, akasubiri wengine wanawe mikono, akaniita jikoni eti nimsaidie kushusha sufuria. Jiko lile lilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la ukubwa wa kitabu, ukuta mweusi kwa masizi, mafiga matatu, na kwenye kona debe la mchele lililofunikwa kwa ungo. Hakukuwa na sufuria ya kushusha. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Maganga, leo sitaki utani," alisema. "Wewe umesomea mashine, kaka yangu hakusomea. Mimi nimemwambia nitakubali lile shamba liuzwe kama wewe utakwenda naye ukaitazama hiyo mashine. Ikiwa mbovu, utamwambia?"

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

"Niapie."

Nilimwapia. Aliniangalia kidogo, halafu akafungua mlango, akanipa kikombe cha chumvi nipeleke barazani, ili nionekane nimetumwa.

Shamba liliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa akinunua mashamba ya mabondeni. Baada ya wiki tulikodi pikapu, Mzee Sefu, mimi na dereva, tukapita njia ya kijiji cha Ulaya, mashimo na vumbi, mzee akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa na koti juu yake, fedha zikiwa ndani ya koti. Njia nzima alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuposa. Alinihesabia milango ishirini, kisha vitanda, kisha madawati ya shule, kisha akaniambia kwamba mashine itakuwa ya kwangu kuiendesha, hataigusa mtu mwingine, na mshahara wangu utakuwa mshahara wa kweli. Nilikuwa na nusu mwaka sijapata mshahara wa kweli. Rafiki zangu wawili wa kiwandani walikuwa wamekwenda Kidodi kukata miwa, nao walikuwa na vyeti kama changu. Nayaandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nilijidai sikuyafikiria siku ile.

Ghala lilikuwa kando ya barabara kuu, malori ya kwenda Iringa yakipita na kutikisa mabati yake. Mwenye mali alikuwa kijana wa rika langu, amefunga tai, sauti laini, anamwamkia Mzee Sefu shikamoo kila baada ya sentensi tatu. Ruta ilisimama katikati, kijani kibichi, inang'aa. Aliiwasha. Ilizunguka bila kelele, laini, akachonga kipande cha msindano, mbao laini ya kutoka milima ya Iringa, na mstari ukatoka safi. Kisha akaizima. Nilisogea. Nilipeleka kidole chini ya kichwa cha shafti na kidole kikarudi na grisi nzito, nyeusi, nyingi kupita kiasi, ya aina wanayopaka kwenye magurudumu ya matrekta. Kiwandani tulikuwa tukijua maana yake. Beringi, ile pete ya gololi inayoishikilia shafti, ikichakaa hupiga kelele. Ukiijaza grisi nzito inanyamaza, kwa muda, mpaka ipate moto. Nilishika shafti nikaitikisa. Ilicheza. Kidogo sana, chini ya unene wa ukucha, lakini ilicheza, na mimi nilijua kidogo hicho kitakuwa nini baada ya saa mbili za mninga. Nikaomba iwashwe tena, iachwe nusu saa. Kijana wa tai akasema umeme wa Mikumi siku hizo haukuwa wa kuchezea, na wateja wengine walikuwa wanakuja.

Mzee Sefu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya meza ya mashine. Kulikuwa na watu sita hivi pale ndani, wanunuzi, wapakiaji, dereva wetu, na wote walikuwa wakimtazama mzee wa kanzu aliyekuja na fedha zake. Nilitakiwa kusema, Mzee, beringi zimekwisha, tusinunue. Maneno machache tu. Yalifika mdomoni. Lakini kumwambia mtu mzima hivyo, mbele ya wageni, mkono wake ukiwa umekwisha kutua juu ya kitu, kwetu ni kumvua kanzu hadharani. Nikafanya nilivyozoea kufanya.

"Mtumwa wangu," nilimwambia kwa sauti ya wote kusikia, "hii si mashine, ni maiti. Imeoshwa, imepakwa mafuta, imevalishwa kijani, na wewe Msagara kwa uchu wako unataka kuitolea mahari."

Ghala zima lilicheka. Kijana wa tai alicheka mpaka akashika tai yake. Mzee Sefu alicheka kuliko wote, akapangusa macho kwa ncha ya kanzu, akanijibu, "Afadhali nioe maiti ya Mikumi, kuliko kukaa na Mnyamwezi mzima anayekula wali wangu bila kazi."

Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Kabla ya kulipa tulikwenda kunywa chai kwenye hoteli ya mama mmoja ng'ambo ya barabara. Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la ghalani. Tulikuwa wawili tu mezani, dereva amebaki na gari. Kulikuwa na chapati, maharage ya nazi, chai ya tangawizi. Hakuna mgeni aliyekuwa akisikiliza. Mzee Sefu alikuwa akimega chapati na kunieleza tutaiweka wapi ile mashine, ukuta upi utobolewe ili milango mirefu ipite, na fedha zilikuwa bado kwenye koti lake, naziona zilivyolivimbisha. Nilijiambia nimekwisha kumwambia. Nilijiambia mzee huyu miezi yote ananielewa, macho ya Kisagara aliyaelewa na akachukua pembe-mraba, basi kama neno la maiti amelisikia na bado anataka, ni uamuzi wake. Nilijiambia pia beringi zinaweza kubadilishwa. Nilikula chapati zangu mbili, na ya tatu aliyonisukumia.

Mlango wa kwanza ulitoka vizuri, na wa pili. Watu walikuja kuitazama ruta kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi, na Bi Mwanaidi alisimama mlangoni mwa karakana, khanga mabegani, akaniuliza kwa macho, nami nikatazama kazi yangu. Kwenye mlango wa tatu grisi ilipata moto ikaanza kutiririka juu ya mninga, na sauti ikaja, kwanza kama nzi kwenye chupa, halafu ukelele uliowafanya watoto wa jirani waje mbio. Mstari wa jani ukawa miwili. Niliizima, nikaifungua. Beringi zilikuwa zimekwisha kama nilivyojua, lakini ndani kulikuwa na jambo ambalo sikulijua: shafti yenyewe ilikuwa imelika, na mtu alikuwa ameizungushia kipande cha bati la kopo la maziwa ya unga ili beringi ikae. Herufi za kopo bado zilikuwa zikisomeka. Nililishika bati lile nikaketi sakafuni. Mzee Sefu aliniuliza ni nini, na mimi nikamweleza, kwa mara ya kwanza kwa maneno makavu, kitu gani hufanya nini na kwa nini hakitapona.

Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta beringi. Za ukubwa ule hazikuwepo. Nilikwenda Mikumi; ghala lilikuwa limegeuzwa la saruji, na hakuna aliyejua kijana wa tai alikokwenda. Nikakumbuka ile ya Kimamba, nikaenda, nikakuta wamekwisha kuikata kwa gesi wakaiuza kwa kilo, vyuma chakavu. Mwenye hoteli alingoja miezi miwili, hakuwa mtu mbaya, kisha milango kumi na saba iliyobaki ikatengenezwa Morogoro. Mzee Sefu alirudi kwenye patasi. Hakunilaumu mbele ya mtu. Siku moja tu, tukiwa tunapanga mbao, aliniuliza bila kugeuka.

"Maganga, wewe ulikuwepo. Uliishika kwa mkono wako. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mzee."

Alifikiri. Nilimwona akirudi Mikumi kichwani, akitafuta. "Ulinitania," alisema, na akaendelea kupanga mbao.

Tangu siku hiyo asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na basi. Hatukukubaliana kuacha. Maneno yalikuwa hayaji tu. Mafundi wengine walidhani tumegombana wakajaribu kutupatanisha, nasi tukawaambia hakuna ugomvi, na kweli haukuwepo. Nilihuzunika kwa hilo kuliko nilivyohuzunika kwa kiwanda kufungwa. Mwezi wa mwisho wa mwaka ule nilipata kibarua kwenye karakana ya magari Morogoro, nikaamua kuondoka.

Nilikwenda kumuaga Bi Mwanaidi mchana, wengine wakiwa kazini. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, anapepeta mchele. Ulikuwa mchele wa dukani, uliovunjikavunjika, una chenga na mawe, na alikuwa akiutazama kwa karibu sana. Msimu ule alikuwa amelima kwa mtu huko Msowero, kwa kugawana mavuno, na mvua haikuwa nzuri. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia naondoka kesho kwa gari la asubuhi. Akanitakia heri. Nilidhani yameisha, nikawa nainuka.

"Niliwahi kukuapisha," alisema.

Nikakaa tena. Nikamwambia nilimwambia kaka yake, palepale ghalani, watu wote walisikia. Akaacha kupepeta. Alisema kaka yake anasema hakuambiwa. Nikasema aliambiwa.

"Kwa maneno gani? Niambie kama ulivyomwambia."

Sikutaka. Alinisubiri, ungo ukiwa magotini, na mwishowe nikasema. Niliyasema yote kama yalivyokuwa, mtumwa wangu, maiti, kuoshwa, mafuta, nguo ya kijani, uchu wa Msagara, mahari. Nilijaribu kuyasema bila sauti ile, lakini maneno yale hayana sauti nyingine. Bi Mwanaidi aliuma midomo. Halafu akashindwa. Alicheka, mabega yakamtikisika, mchele ukamwagika kidogo kwenye ungo, akaweka mkono kifuani akacheka mpaka akapata kikohozi, na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi kicheko kikinipanda kooni. Alipangusa macho yote mawili kwa khanga, taratibu, moja kisha jingine.

"Hata mimi ningenunua," alisema.

Moyo wangu ukapoa. Nilidhani hilo ndilo neno la mwisho, na kwamba nimeachiliwa.

Akaniuliza, "Na wewe ulijua kwamba atacheka?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na la Wanyamwezi, nilikuwa na la Wasagara, yote yalikuja mbio kama yalivyozoea.

"Nilijua, mama," nikasema.

Aliinama akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, akiyatupa kando, na mimi nilikaa pale chini mbele yake mpaka alipomaliza.